Mtoto asiyeona, kabla hajafika shule: niliyojifunzia jikoni

Mimi ni mama ntilie hapa Tanga. Binti yangu alizaliwa haoni, sasa yuko darasa la tatu. Kina mama wenzangu wakipata mtoto kama wangu huja kuniuliza nianzie wapi. Nawajibu hivi.

Kwanza hospitali. Ukiona weupe ndani ya mboni, au jicho moja likitoka jeupe kwenye picha ya simu, usingoje wala usitie dawa za majani. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye akitolewa mapema jicho huwahi kujifunza kuona. Yaweza pia kuwa saratani, na hiyo huua. Nenda kwa daktari wa macho anayetibu watoto, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi. Mimi zahanati ya kwanza waliniambia "yatafunguka akikua", nikapoteza miezi mitano. Macho ya binti yangu hayakuwa ya kutibika, lakini mwenzangu, ya mwanao huenda yakatibika.

Ukishaambiwa hataona, usikae kusubiri shule. Kazi inaanza siku hiyo.

Alipokuwa mchanga nilikuwa nikiingia chumbani na kumwita, anaganda kimya. Nikadhani hanitaki. Kumbe mtoto asiyeona hutulia ili asikie. Mtazame vidole, si uso: vya kwangu vilikuwa vikifunguka na kufumba kila nikiongea. Kwa hiyo sema kwanza, ndipo umguse. Na kila mtu awe na alama yake. Mimi bangili, baba yake saa; tukifika tunampa aishike.

Sasa la mikono, maana hapa ndipo niliharibu. Siku moja niliukamata mkono wake nikauchovya kwenye bakuli la dagaa wabichi, ajue dagaa ni nini. Alipiga kelele, na wiki nzima akawa amekunja ngumi. Mikono ndiyo macho yake; ukiivuta kwa nguvu ni sawa na kumshika mtu kichwa na kumlazimisha atazame. Mkono wako uwe chini, wake juu. Nikikuna nazi, namkalisha mbele yangu kwenye mbuzi, viganja vyake juu ya vyangu. Anausikia mwendo, nazi inamwangukia vidoleni, akichoka anatoa. Siku ya tatu akashuka mwenyewe mpaka kwenye sinia, akachota, akala.

Mwonyeshe kitu kinakotoka. Alipokuwa na miaka minne nilimwuliza yai linatoka wapi, akajibu, "Kwa Mangi," yaani dukani. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mtoto anayeona huwaona kuku wakihangaika uani, hahitaji kuambiwa. Usiku ule kuku wametulia, nikapitisha mkono wangu chini ya tetea anayeatamia, wake ukiwa juu. Akalikuta lile joto na mayai. Kesho yake hakuzungumza lingine.

Kutambaa kutachelewa, usiogope. Mwenzake anayeona hufuata anachokiona mbele. Yeye hajui kama mbele kuna kitu. Chukua boksi la katoni, lilaze ubavu, tundika ndani kijiko, funguo, ganda la kome na kipande cha kanga, kila kimoja mahali pake pasipobadilika, kisha mlaze humo. Akirusha mkono anakuta kitu, akirusha tena anakikuta palepale. Wazo hili lilitokana na mwalimu wa Denmark, Lilli Nielsen. Kisanduku chake ni cha mbao, changu kilikuwa katoni ya sabuni. Akianza kutembea, mpe fimbo nyeupe inayomfika kifuani, hata kama jirani atasema mapema mno.

Nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole, nilianza na trei ya mayai. Kata mashimo sita, safu mbili za matatu: kushoto kutoka juu 1, 2, 3, kulia 4, 5, 6. Ndimu moja shimo la 1 ni A, ongeza shimo la 2 ni B, jaza safu yote ya kushoto ni L. Akiwa mdogo usimfundishe herufi. Ajaze na kutoa tu, huku mkisema juu, chini, kushoto, kulia. Achambue choroko na maharage, akande unga wa chapati: mashine ya nukta nundu ina vitufe vigumu, inataka vidole vyenye nguvu.

Mwaka mmoja kabla hajaanza shule, nenda halmashauri ukamwone afisa wa elimu maalumu. Ipo shule ya Irente kule Lushoto, ipo Buigiri ya Dodoma tangu 1950, na Uhuru Mchanganyiko ya Dar ambako wanasoma pamoja na wanaoona. Bweni au kutwa, hilo mtaamua nyumbani. Ila mpeleke mapema apapase kitanda, mlango, bomba, njia ya choo. Wangu alipomaliza vyote hivyo akamwuliza matroni, "Na jiko liko wapi?"