Namna ya Kufuatilia Historia ya Jengo la Zamani la Tiba: Mfano wa Zahanati Kongwe ya Unguja

Anayetaka kuandika historia ya jengo la zamani la tiba asianze na jina linalotumika leo, kwa kuwa jina aghalabu hubeba kipindi kimoja tu cha maisha ya jengo. Zahanati Kongwe ya Mji Mkongwe, iliyoko barabara ya Mizingani ikielekea bandari, ni mfano bora wa jambo hilo.

Kwanza tafuta nani alilijenga na kwa nia gani. Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya Kihindi, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, wakati wa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, akikusudia iwe hospitali ya maskini. Alifariki mwaka 1891, na ujenzi ukakamilika mwaka 1894 kwa juhudi za mjane wake. Kuandika kwamba Topan alijenga zahanati ni kumpunguzia haki yake, maana alichokusudia kilikuwa kikubwa zaidi.

Kisha fuatilia kila mara umiliki ulipohama. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa na wadhamini wa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, na hapo ndipo ghorofa ya chini ilipogeuzwa zahanati, huku juu akikaa daktari. Hati za mauzo na kumbukumbu za wakfu ndizo za kutafutwa kwanza; kwa Zanzibar, anza na Nyaraka za Taifa, Kilimani, na uombe pia magazeti rasmi ya serikali, yaliyoanza kutoka mwaka 1892.

Baada ya hapo lisome jengo lenyewe, polepole. Roshani zenye nakshi na vioo vya rangi huonyesha fahari ya mjenzi, lakini ukuta husema mengi zaidi: plasta ya chokaa juu ya mawe ya matumbawe hupitisha unyevu, ilhali kiraka cha saruji huuzuia, kikavimba na kubanduka, nawe ukajua kwamba hapo palikarabatiwa baadaye. Tofautisha viraka hivyo na ukarabati mkubwa wa miaka ya 1990 chini ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, uliofuata miaka mingi ya kutelekezwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Mwisho, wasikilize wazee wa mtaani mapema, ukiwauliza yale ambayo hati haziandiki: wagonjwa waliingilia mlango gani, walisubiri wapi, na dawa ilitolewa dirisha lipi.