Kuunda Mlingoti Mpya wa Mashua ya Tanga katika Ghuba ya Winam

Mlingoti wa mashua ya ziwani ukivunjika, lawama huangukia upepo, ingawa mara nyingi mti wenyewe ulikwisha kuoza zamani bila mtu kutambua. Chumvi ya bahari husaidia kuzuia kuvu wanaokula mbao. Maji ya Ziwa Victoria hayana kinga hiyo, wala mvua inayotuama kwenye kitako cha mlingoti hainayo. Ndiyo maana kazi hii huanza kwa ukaguzi. Chukua kisu chenye ncha kali, ukichome kitakoni, kisha pale mlingoti unapopita kwenye boriti ya kukingama, na mwisho kileleni penye kapi, yaani gurudumu dogo linalopitisha kamba, halafu kila mara uinue ncha taratibu. Mti mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Uliooza hutoa vipande vifupi vinavyokatika ghafla. Ukiona vipande hivyo, usiutie mti viraka, bali uung'oe na kuuhifadhi, kwa kuwa ndio utakaokupa urefu, unene na mahali pa kila tundu.

Uchaguzi wa mti mpya unastahili muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Mkaratusi hupatikana kwa urahisi katika magharibi ya Kenya na una nguvu, lakini ni mzito, na hupasuka na kujipinda ukikauka kwa haraka. Uzito ukiwa juu, mashua huyumba zaidi kila wimbi linapoipiga ubavuni. Kwa mashua ndogo mimi huchagua saiprasi iliyonyooka, ambayo ni nyepesi na hukubali randa bila taabu. Chagua nguzo ambayo kiini chake kiko katikati kwenye ncha zote mbili. Vifundo vidogo vilivyoshikamana na mti si tatizo, lakini kifundo cheusi kinachocheza ni tundu linalosubiri kufunguka. Tazama pia mipasuko midogo ya ubavuni: ikiwa inapanda kwa kuuzunguka mti badala ya kufuata urefu wake, uache mti huo hata ukipunguziwa bei, kwa sababu utaendelea kujisokota ukiwa tayari umesimama chomboni.

Menya gamba mara moja, kisha upake rangi nzito kwenye ncha zote mbili. Unyevu hutoka upesi nchani kuliko ubavuni, na tofauti hiyo ndiyo inayoupasua mti. Ulaze chini ya paa juu ya vitegemeo vilivyo sawasawa, hewa ipite pande zote, na uugeuze kila wiki. Kanuni ya maseremala ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene haiwezi kufuatwa kikamilifu na mvuvi anayetegemea chombo chake, lakini kungoja miezi kadhaa hakuepukiki.

Mti ukikauka, uuchonge kwanza uwe na pande nne, upande mnene wa shina ukiwa chini. Uache unene kamili kwenye boriti, kisha upunguze polepole hadi kileleni pabaki takriban theluthi mbili. Hatua inayofuata ni kupata pande nane, na hapa vipimo havikisiwi. Ikiwa upande mmoja una upana wa milimita 120, piga mstari milimita 35 kutoka kila ukingo, katikati pabaki 50, kisha uondoe pembe zote hadi kwenye mistari. Unene unapopungua, mistari nayo isogeleane kwa uwiano huohuo. Kutoka pande nane nenda kumi na sita, na ndipo uuviringishe kwa randa na kuumalizia kwa msasa. Anayeruka hatua hizi hupata mlingoti wenye mabonde, na kila bonde ni mahali ambapo mti utapindia.

Kitako kichongewe ulimi unaoingia kwenye tundu la ubao ulio juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa mashua. Kabla ya kuusimamisha, toboa mfereji mdogo kwenye ubao huo ili maji yatoke badala ya kutuama. Ulimi na sehemu zote zilizokatwa zinywe mafuta ya kitani mara kadhaa, hadi mti ukatae kupokea zaidi. Mafuta yakishakauka, mwili mzima upakwe vanishi ya nje tabaka tatu au nne. Jua la Kisumu, karibu kabisa na ikweta, hupasua vanishi mapema. Ukiona inabanduka, ipige msasa na kuipaka upya kabla mvua haijapenya.

Usimamishe asubuhi maji yakiwa shwari, watu wawili wakiinua na mmoja akiongoza ulimi. Kaza kabari za mbao pande zote penye boriti, na mlingoti uuzungushie kipande cha tyubu kuukuu ili usisagike. Kamba za kuushikilia zikazwe kwa usawa, kisha upandishe foromali, yaani mti unaobeba tanga, pamoja na tanga lenyewe kwa henza, kamba ya kupandishia, ukiwa karibu na ufuo, kabla ya upepo wa alasiri kutoka ziwani kupata nguvu. Katika wiki za kwanza mti utaendelea kunywea kidogo, kwa hiyo kabari zigongwe tena kila unaporudi ufukweni, hadi siku mlingoti utakapotikiswa kwa mikono miwili usicheze.