Kumtambua inzi mweupe wa muhogo kwa DNA, hatua kwa hatua

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinitumia mifuatano ya DNA ya inzi weupe akiuliza kama aitupe yote. Haikuwa na ubaya wowote, programu ndiyo ilikuwa ikiisoma kwa msimbo (kanuni za kugeuza herufi za DNA kuwa protini) usio wake. Swali hilo hurudi kila msimu, basi acha niandike kazi nzima.

Inzi huyu, Bemisia tabaci, ndiye anayesambaza magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia. Muhogo unaostahimili batobato si lazima umstahimili na inzi; aina nyingine hujaa inzi kuliko za kienyeji. Uganda ilipunguza makali ya batobato ya miaka ya 1990 kwa mbegu mpya, lakini inzi wakabaki tele, na kuanzia 2004 michirizi ya kahawia ikaibuka. Kwa hiyo ukitangaza kuwa aina fulani inamhimili inzi, jiandae kuulizwa: inzi yupi, maana wako makundi kadhaa?

Hatua ya 1: Shambani

Nenda alfajiri, wakiwa bado wazito. Geuza majani ya juu taratibu, wafyonze kwa mrija, watie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Chukua wenye mabawa tu. Tunutu wanaweza kuwa na mayai ya nyigu ndani yao, na hapo utasoma DNA ya nyigu ukidhani ni ya inzi.

Hatua ya 2: Kutoa DNA

Inzi mmoja, kichupa kimoja. Mkaushe vizuri kwanza, kwani ethanoli ikibaki PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) haitafanya kazi. Msage ndani ya Chelex (chembe za resini) yenye proteinesi K (kimeng'enya kinachoyeyusha protini), weka nyuzi 60 kwa saa moja, kisha chemsha kwa dakika kumi. Vifaa vya bei kali vinavyouzwa kwenye maboksi sivioni na faida kwa mdudu mdogo hivi.

Hatua ya 3: PCR

Tunanakili kipande cha jeni ya COI, iliyo ndani ya mitokondria (viwanda vya nishati vya seli). Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, ni C1-J-2195 (TTGATTTTTTGGTCATCCAGAAGT) na TL2-N-3014 (TCCAATGCACTAATCTGCCATATTA). Anza na nyuzi 52 za kunatisha praima kwenye DNA. Weka kichupa kimoja kisicho na DNA. Mstari kwenye jeli uwe karibu na herufi 850.

Hatua ya 4: Kusoma mfuatano

Hapa ndipo watu wanapokesha. Kabla ya kufungua programu nyingine yoyote, fungua picha ya mawimbi iliyotoka kwenye mashine ya kusoma DNA uitazame kwa macho yako. Kata mwanzo na mwisho ambako mawimbi yamevurugika, usiionee huruma hata herufi moja. Jeni hii imejaa A na T, na penye msururu wa T mashine huzidisha au hupunguza moja. Herufi moja ikizidi, kila kitu mbele yake kinahama.

Mfuatano wa praima ya nyuma (TL2-N-3014) ugeuze, kisha ubadilishe kila herufi kwa mwenzake (A kwa T, C kwa G). Ukifanya moja na kuacha nyingine, hautalingana na chochote.

Sasa tafsiri kuwa protini. Mimi natumia MEGA, ni ya bure na inatosha. Hapo ndipo yule kijana alipokwama: programu nyingi huanza na msimbo wa kawaida, ambao husoma TGA kama kituo, yaani alama ya mwisho wa protini. Katika mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo, TGA ni triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Ukiacha msimbo wa kawaida, utaona nyota za vituo zimetapakaa kote, na utaamini umepata nakala mfu ya jeni iliyohamia kwenye kiini cha seli. Chagua jedwali la mitokondria za wanyama hao. NCBI, kituo cha Marekani cha data za DNA, huliita namba 5. Jaribu fremu zote tatu, yaani kuanza kusoma kwenye herufi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Iliyo sahihi haina kituo katikati.

Usishangilie mapema, lakini. TAA na TAG ni vituo hata kwenye jedwali namba 5. Ukiona kimoja katikati ya fremu nzuri, rudi kwenye mawimbi, mara nyingi ni herufi iliyozidi. Kama mawimbi ni safi, au yako mawili mawili mahali pamoja, hapo ndipo pa kushuku nakala mfu au inzi wawili kichupani. Rudia na inzi mwingine.

Hatua ya 5: Kutoa jina

Linganisha na GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya DNA. Usishtuke ukikuta Bemisia afer, inzi mweupe wa spishi nyingine, naye hukaa kwenye muhogo.

Ukipata SSA1, mojawapo ya makundi ya inzi hawa Afrika kusini mwa Sahara, andika "kundi la mitokondria SSA1", basi. Mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, na uchunguzi wa SNP (tofauti za herufi moja moja za DNA) katika kiini umeonyesha kuwa makundi ya inzi wa muhogo Afrika hayafuati mipaka ya jeni hii moja. Anayetaka kusema inzi wa eneo lake wamezoea aina fulani ya muhogo anahitaji SNP, na DNA iliyochemshwa kwa Chelex haifai vizuri kwa kazi hiyo kwa kuwa nyuzi zake zimeachana. Bakiza inzi wengine wa mche uleule kwenye ethanoli, ndani ya friza, ukiandika lebo kwa penseli maana wino huyeyuka.