Somo: kupima ubora wa maisha kiafya kwa watu wa mijini China (kwa dodoso la EQ-5D-5L, lenye mambo 5 na ngazi 5)

Wakuu, wadau mnaosoma afya ya jamii huko China mmeliomba sana hili somo, nalileta na hesabu kabisa maana hapo ndo wengi mnakwama.

1. Tumia dodoso la Kichina la EuroQol wenyewe (ndo waliolitunga), usijitafsirie. Unajisajili kwao.

2. Kuna mambo 5: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila moja ina ngazi 1 (hana shida) hadi 5 (hali mbaya kabisa). Afu kuna mstari mfano wa kipimajoto, wa 0 (afya mbaya kabisa) mpaka 100 (nzuri kabisa), mhojiwa anaweka alama mwenyewe. Anaulizwa afya ya LEO, sio ya wiki iliyopita, wahojaji wanachapia sana hapa.

3. Panga majibu kwa mfuatano. Tuseme bibi wa Chengdu anasumbuliwa na magoti, kapata 21232.

4. Sasa chukua jedwali la China la mwaka 2017 la kugeuza ngazi kuwa alama moja, lile walilohoji watu zaidi ya 1,200 wa Beijing, Shenyang, Nanjing, Chengdu na Guiyang. Anza na 1 (afya kamili) afu unakata: kutembea ngazi 2 ni 0.066, kujihudumia hakatwi kitu, shughuli 0.045, maumivu ngazi 3 ni 0.138, wasiwasi 0.049. Jumla 0.298, kwa iyo bibi anabaki na 0.702. Ukitumia jedwali la Uingereza namba inabadilika, na hao Waingereza hawajui lolote kuhusu huyo bibi wa Chengdu.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona 55555 inatoa -0.391? Afya chini ya sifuri inakuwaje?
Jibu: Sifuri ni kufa. Wahojiwa wa lile jedwali waliona hali hiyo ni mbaya kuliko kufa, basi.

Swali: Karibu watu wangu wote wamejibu 11111, data imeharibika?
Jibu: Hapana, kwa watu wa kawaida China hiyo ipo sana, dodoso halioni matatizo madogo madogo. Angalia kipimajoto, utakuta mtu ana 11111 ila kajipa 80. Ukitaka undani zaidi ongeza SF-36, dodoso lingine la afya, ila ni maswali 36 na wazee wanachoka njiani.

Swali: Naweza kutumia jedwali hilo kijijini?
Jibu: Waliohojiwa ni watu wa mijini. Ukilitumia kijijini liandike wazi kwenye ripoti, na hata huko mjini uliza mtu ana hukou (usajili wa makazi wa China) ya wapi, maana vibarua wengi waliotoka vijijini wanaishi hapo hapo mjini na hali zao ni tofauti kabisa.