Kukodi laptopu za ofisi: kuanzia ankara ya kwanza hadi siku ya kuzirudisha

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili na mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha kule Kurasini, Dar es Salaam. Alikuwa ameletewa mkataba wa kukodi laptopu 20 na kuambiwa asaini kabla ya Ijumaa. Ijumaa hiyo ilipita bila saini. Haya ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na yale niliyoyajua kwa kuumia, enzi nilipokuwa msimamizi wa kompyuta za ofisi yetu.

Hatua ya 1: Tenganisha vya kukodi na vya kununua

Laptopu kodi. Monita nunua, maana monita nzuri inazika laptopu mbili au tatu, na kuikodi ni kuilipia mara mbili. Rauta, swichi na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nunua pia. Printa usiichanganye kwenye mkataba huu hata ukipewa punguzo. Itafutie mkataba wake wa kulipia kwa kurasa, ambao wino na matengenezo ni juu ya mwenye mashine.

Muda: miezi 36. Ukiletewa miezi 48 yenye malipo madogo kwa mwezi, kataa. Laptopu za kibiashara kwa kawaida unaweza kuziwekea waranti ya miaka 3, kwa hiyo mwaka wa nne utalipa kodi na fundi kwa pamoja. Programu nazo hazisubiri mkataba wako uishe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11 kwa sababu ya prosesa au kukosa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama.

Hatua ya 2: Jua unasaini nini

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: je, hii ni karadha au ni kukodi tu? Kwenye karadha unabeba karibu gharama yote ya kifaa, na mara nyingi mwishoni unaweza kukinunua. Kwenye kukodi tu, unatumia na kurudisha. Tanzania ina sheria ya karadha ya mwaka 2008, na leseni hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Tazama jina la kampuni kwenye orodha ya BoT kabla hujaendelea.

Hatua ya 3: Tafuta riba halisi

Usijadiliane juu ya malipo ya mwezi kabla hujafanya hesabu hii. Yule mhasibu aliambiwa "riba asilimia 12 kwa mwaka". Laptopu 20 zilikuwa na bei ya shilingi 40,000,000. Asilimia 12 kwa miaka 3 ni 14,400,000, jumla 54,400,000, ukigawa kwa miezi 36 unapata 1,511,111. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Shida ni kwamba riba hiyo inapigwa juu ya milioni 40 nzima mpaka mwezi wa mwisho, ilhali wewe umekuwa ukipunguza deni kila mwezi.

Fungua Excel, andika:

=RATE(36,-1511111,40000000)*12

Jibu ni kama asilimia 21.2. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na mkopo wa benki yako. Kama kuna ada ya kuandaa mkataba, itoe kwenye zile milioni 40 kwanza ndipo upige tena; jibu litapanda. VAT ya asilimia 18 iweke kando ikiwa umesajiliwa na unaidai, lakini kila malipo yaje na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Linganisha pia na kununua taslimu. Sheria ya kodi ya mapato inaweka kompyuta kwenye daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya salio linalopungua. Milioni 40 inabaki 9,765,625 baada ya miaka mitatu, kwa hiyo kununua nako kuna nafuu yake ya kodi. Kama hesabu zenu zinafuata IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ukodishaji, mwulize mkaguzi kuhusu msamaha wa vifaa vya thamani ndogo, unaokuruhusu kutoviingiza kwenye mizania kama mali na deni. Bodi iliyoandika kiwango hicho ilikuwa na picha ya takriban dola 5,000 kwa kifaa kikiwa kipya. Laptopu inaingia humo, seva kubwa huenda isiingie.

Hatua ya 4: Pokea mashine moja moja

Usisaini hati ya kupokea kwa kuhesabu maboksi. Fungua kila moja, iwashe, nakili namba ya seriali kutoka ndani ya mashine yenyewe, kisha ilinganishe na stika na ankara. Jedwali la Excel linatosha: namba ya seriali, jina la mtumiaji, chaja, begi, tarehe. Najua kuna programu za kusimamia vifaa. Kwa mashine chini ya 100 nimeona zikiachwa bila kujazwa baada ya miezi miwili, wakati jedwali la mhasibu linaendelea.

Hatua ya 5: Katikati ya mkataba

Mfanyakazi akiondoka, mashine irudi stoo siku hiyohiyo. Iliyoibiwa iripotiwe polisi na kwa kampuni ya bima kabla ya kampuni iliyokukodishia.

Hatua ya 6: Kurudisha

Hapa ndipo nilipopoteza usingizi. Tulikuwa na laptopu 30, mkataba wa miezi 36. Mwezi wa 36 ulipoisha nikaandika barua kwamba tunarudisha. Nikajibiwa kwamba kifungu kilitaka taarifa ya siku 90 kabla, na kwa kuwa sikuitoa, mkataba ulikuwa umejiongeza miezi mitatu. Tukalipia mashine zilizokaa stoo kwenye maboksi. Kifungu kilikuwepo, ukurasa wa tisa, na saini yetu ilikuwa chini yake. Kwa hiyo siku ya kusaini, weka kikumbusho kwenye kalenda za watu wawili, siku 120 kabla ya mwisho. Wawe wawili, maana mmoja anaweza kuwa ameacha kazi.

Tulipofika siku ya kurudisha, mashine saba hazikukubaliwa kwa kuwa namba hazikulingana. Zote zilikuwa zimewahi kwenda kwenye waranti. Fundi anapobadilisha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), namba ya seriali iliyo ndani inaweza kuwa tupu au nyingine, huku stika ya chini ikibaki ileile. Wakati mwingine unapewa mashine nzima mpya. Nilitumia siku nne kutafuta karatasi za matengenezo ya miaka miwili nyuma. Siku hizi mashine ikirudi kutoka kwa fundi nafanya mambo mawili kabla ya kumpa mtumiaji: nasoma namba upya, na namwandikia barua pepe aliyekodisha kumjulisha badiliko. Fundi mwombe aandike namba ya zamani ndani ya mazabodi mpya. Anayo programu ya kufanya hivyo.

Nne nyingine zilikuwa na nywila ya BIOS, programu inayowasha mashine kabla ya Windows, iliyowekwa na kijana aliyeshaondoka. Tukatozwa bei ya mashine nzima. Nywila ya BIOS iwe moja, itunzwe na watu wawili, na ujaribu kuifungua miezi mitatu kabla ya kurudisha.

Baada ya hapo, kwa mpangilio huu:

Toa mashine kwenye akaunti za kampuni. Kama ziliandikishwa kwenye Autopilot, huduma ya Microsoft inayofunga mashine kwenye kampuni, na hukuzifuta, mtu atakayezinunua atawasha na kukutana na ukurasa wa kuingia wa kampuni yako. Mac nazo zina kufuli la iCloud.

Futa data. Kufomati kwa kawaida hakufuti. Mtindo wa zamani wa kuandika juu ya diski mara kadhaa haufiki kila sehemu ya diski ya SSD. Tumia amri ya kufuta iliyo ndani ya BIOS. Mashine nyingi za kibiashara za Dell, HP na Lenovo zinayo. Mwongozo wa Marekani wa kufuta data, NIST 800-88, ndio unaotajwa kwenye mikataba mingi, omba utajwe na kwenye wako. Usimwachie aliyekodisha kazi hii. Ndani mna pasipoti na TIN za wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhesabu wewe kuwa mwenye wajibu.

Piga picha kila mashine, juu, chini na skrini ikiwa imewashwa. Kwenye mkataba hakikisha "uchakavu wa kawaida" umeelezwa kwa maneno: mkwaruzo wa urefu gani, herufi zilizofutika, betri iliyochoka. Lisipoelezwa, kila mkwaruzo utakuwa na bei. Chaja ihesabiwe pamoja na mashine yake.

Mwisho, anayepokea asaini orodha ya namba zote, mbele yako, kabla gari halijaondoka. Iweke kwenye faili moja na ripoti ya kufuta data, miaka mitano, sawa na kumbukumbu zako za kodi.