Umeokota paka au mbwa? Usimchanganye na wa nyumbani kwanza

Kama tayari una wanyama nyumbani, huyo uliyemtoa mtaani mtenge kwenye chumba chake angalau wiki 2. Hata bafu linatosha. Huruma ndiyo hutuponza hapa: unamwona mnyonge, unamweka moja kwa moja na wenzake, kumbe kabeba parvo, ugonjwa hatari wa virusi wa kuhara na kutapika, ambayo bado haijaonyesha dalili.

Mimi parvo ndiyo inanitisha kuliko yote. Kirusi chake hukaa sakafuni na kwenye udongo kwa miezi, na sabuni ya kawaida haikiui. Sugua sakafu kwanza, kisha mwagia dawa ya klorini, sehemu 1 kwa 30 za maji, uiache dakika 10. Bakuli, tambara la kulalia na beseni la mchanga wa kujisaidia viwe vyake tu. Wahudumie wa zamani kwanza, mgeni mwisho, halafu nawa mikono na uvue viatu ulivyoingia navyo humo.

Daktari wa mifugo amwone mapema: viroboto, minyoo, choa, chanjo. Wa nyumbani nao, angalia chanjo zao hazijapitwa na muda.

Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mzima. Tafadhali usisubiri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki.

Siku za kuwakutanisha zikikaribia, wabadilishie matambara wazoeane harufu. Wakiungurumiana au kufokeana, watenganishe tena siku kadhaa.