Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandaa Fuvu la Mbuzi kwa Somo la Anatomia

Anayetaka kuandaa fuvu kwa ajili ya darasa la baiolojia hapa Mombasa na aanze na mbuzi, na maandalizi yake yaanzie buchani. Vichwa vingi hubabuliwa kwa moto, kisha hupasuliwa kwa shoka ili ubongo utolewe, na fuvu lililopitia hayo halifai tena kufundishia. Kwa hiyo mwenye bucha aarifiwe mapema, aombwe kichwa kizima ambacho hakijababuliwa, na aulizwe jinsia na umri wa mnyama. Umri una uzito mkubwa. Mifupa ya kichwa cha mbuzi mchanga haijashikamana, hivyo fuvu lake huweza kuachana vipande vipande majini, ilhali mbuzi aliyekwisha kuota meno yote manane ya kudumu ya mbele, jambo ambalo hukamilika akiwa na miaka minne hivi, hutoa fuvu imara. Meno hayo yamo katika taya la chini pekee, na ni vyema mwanafunzi aelezwe mapema asije akadhani ya juu yamepotea.

Mnyama aliyekutwa amekufa ni suala jingine. Mzoga wa aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au mdomoni usiguswe wala kupasuliwa, kwani huenda ni kimeta, na vimelea vyake hudumu udongoni kwa miaka mingi. Aitwe daktari wa mifugo. Mifupa ya wanyamapori, akiwemo kasa aliyesukumwa ufukweni na mawimbi, haichukuliwi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali na msimu. Njia iliyo salama zaidi kwa mifupa ni kuacha nyama ioze ndani ya maji ya uvuguvugu, kwa sababu kuchemsha kwa muda mrefu hulegeza mifupa, hupasua meno na huyasukuma mafuta ndani zaidi. Katika nchi za baridi watu hulazimika kuyapasha maji hayo kwa umeme, lakini sisi, wakati wa kaskazi, joto la kivulini linatosha. Atakayeanza Januari atakuwa na nafasi ya kukausha fuvu kabla ya masika, ambapo unyevu huleta ukungu juu ya mfupa. Hata hivyo, kazi hii hunuka kwa wiki kadhaa, na nyumba za Mji wa Kale zimebanana. Majirani waombwe ridhaa kabla ndoo haijawekwa, na mifupa ya nguruwe au mbwa isipelekwe kabisa katika nyumba ambayo wenyewe huwahesabu wanyama hao kuwa najisi. Ndoo ifunikwe kwa wavu mzito uliofungwa kwa kamba, uzuie paka, kunguru, nzi na mbu, na ijulikane tangu mwanzo kwamba maji machafu yatamwagwa chooni, mbali na kisima.

Vifaa ni vichache: glavu, barakoa, chujio la kunasia meno yanayong'oka, na sabuni ya kuoshea vyombo ya kuondolea mafuta, hatua ambayo huweza kuchukua muda mrefu kuliko kuoza kwenyewe. Kwa kung'arisha itafutwe haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, na chombo chake kisizibwe kabisa kwa kuwa hutoa gesi. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isitumike kamwe, maana hula mfupa hadi ukawa kama chaki, na ikichanganyika na amonia hutoa gesi ya sumu.

Lebo iandikwe siku hiyohiyo kichwa kinapopokelewa, kwa penseli, kwani wino wa kalamu nyingi hufutika majini: aina ya mnyama, jinsia, umri, mahali alikotoka na tarehe. Nakala moja ifungwe kwenye mkono wa ndoo, nyingine ihifadhiwe daftarini.